Usifunge Kwanza

Jumapili, 7 Desemba

Mwanangu Nathanael, salaam nyingi huko Songea kwenye kazi yako ya barabara. Sisi huku Terrat tunavuta pumzi. Baba yako Lesikar anakusalimia, ule mguu wake umepoa na ameanza tena kwenda mnadani. Koko anakusalimia, anasema wajukuu wa siku hizi hawaamkii bibi zao, kwa hiyo yeye ndiye anakuamkia wewe: shikamoo mzee. Mdogo wako Diana anakusalimia sana, ameinua kichwa kwenye charahani akasema nikuambie shati lako liko tayari tangu Oktoba. Mjomba wako Eliamini wa Akheri anakusalimia, nilimpata kwa simu jana, kahawa yake imechanua vizuri. Jirani yetu Mama Solomoni anakusalimia. Hata yule ng'ombe mwekundu angekuwa na mdomo wa kusema angekusalimia, maana amezaa.

Ulinilaumu kwamba kwenye simu mimi nasema "tupo salama" hata paa likiezuliwa. Ukasema niandike kila siku jinsi ilivyo, nisikufiche. Basi nimenunua daftari. Msimu wa joto ukiisha nitalipeleka stendi likufikie. Mimi niliishia darasa la nne, unisome polepole.

Jinsi ilivyo ni hivi. Jua limeanza kukaza na mimi nimeanza kuogopa. Unakumbuka Februari iliyopita Diana alianguka kanisani, tukadhani ni njaa ya mfungo. Daktari akatueleza kwamba ile ngozi aliyopandikizwa mgongoni, kifuani na mikononi, baada ya karai la mafuta ya chipsi kumlipukia, haitoi jasho. Akasema mwili wake ni kama sufuria iliyofunikwa, joto likiingia halina pa kutokea. Akasema msimu wa joto mtafutieni chumba cha baridi, msipofanya hivyo mnaweza kumpoteza. Alisema hivyo hivyo, kumpoteza, na Diana yupo pale pale anasikia.

Jumatano, 10 Desemba

Leo kulikuwa na mawingu. Namshukuru Mungu.

Jumamosi, 20 Desemba

Baba yako ameleta feni kubwa ya kusimama. Asubuhi ilifaa. Mchana bati likapata moto, feni ikawa inachukua joto la juu na kumrushia Diana usoni. Nikamfunika kanga mbichi mabegani, feni ikapuliza ile kanga, akasema hapo afadhali. Ikikauka nailoweka tena. Mikono yangu imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo za kipaimara.

Koko anapinga feni. Anasema upepo wa mashine unaingia kifuani unakaa, ndio kichomi. Nilimjibu kwamba Diana haumwi na baridi. Akasema kila mtu anaumwa na baridi, ila wengine hawajui bado.

Alhamisi, 25 Desemba

Tulikwenda ibadani. Diana alikaa karibu na mlango na chupa ya maji. Hakuanguka. Nyama ilitosha.

Jumanne, 6 Januari

Shule zinafungua wiki ijayo na chumba cha Diana kimejaa sare. Wazazi wanaingia na kutoka. Mama mmoja alikuja na mtoto mdogo, mtoto akamwangalia Diana shingoni akauliza, dada umeungua? Mama yake akataka kumfinya. Diana akasema mwache, akamwambia mtoto, ndiyo niliungua, na wewe usipotulia nitakuchoma na pini. Mtoto akacheka, akanyoosha mikono apimwe.

Nimeliandika hili ujue mdogo wako amefika wapi. Mwaka juzi alikuwa hatoki hata kwenda chooni kabla giza halijaingia.

Mama Solomoni ametuazima ile wanayoiita AC ya maji. Ni kama kabati dogo, unaijaza maji inapuliza ubaridi. Diana amepumua leo. Nimemwambia baba yako tuinunue ya kwetu yaishe.

Ijumaa, 9 Januari

Sinunui tena. Leo mawingu yalitanda bila mvua, ile mashine ikawa inatoa mvuke tu. Chumba kikawa kama bafu mtu ametoka kuoga. Vitambaa vya sare vimelowa unyevu, Diana uso umekuwa mwekundu. Siku kavu ni rafiki, siku nzito ni adui. Nimeirudisha kwa shukrani.

Jumamosi, 17 Januari

Kaka Eliamini alishuka kutoka Akheri na mkungu wa ndizi. Alimwangalia Diana, kisha akatuambia mimi na baba yako maneno ya busara. Akasema mnahangaika na mashine wakati Mungu ameweka baridi ya bure mlimani. Akasema Diana aje Akheri mpaka mvua zinyeshe, chumba kipo.

Chumba hicho nakijua, Nathanael, na wewe unakijua. Ndicho alichofia mdogo wangu Agnela. Ulikuwa mdogo, lakini unakumbuka tulivyokwenda msibani. Ilikuwa Julai, baridi imeshuka mpaka majani ya migomba yameungua. Agnela aliziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa magunia, akaingiza jiko la mkaa ndani apate joto, akalala. Asubuhi walimkuta kama aliyesinzia. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri, ndicho kilichoniumiza zaidi.

Nikamuuliza kaka, na nyinyi ikifika Juni mnaota nini? Akacheka kidogo. Akasema jiko, dada, kuna kingine?

Baba yako yeye aliona maneno ya kaka ni mazuri. Akamwita Diana amuulize mwenyewe. Diana akasema, "Mjomba, asante. Lakini hapa watu wanaingia wakitazama mshono wangu. Kule nitaanza upya, watatazama shingo." Kaka aliondoka na jozi ya mito ambayo Diana alimshonea.

Jumatano, 28 Januari

Baba yako ameuza dume, na kwa ile pesa uliyotuma wewe tumeamua kuweka kiyoyozi cha ukutani. Fundi anaitwa Meshack, wa Levolosi, kijana mpole, amenisalimia shikamoo mara mbili. Alipima chumba kwa utepe. Akauliza, mama, tuweke ya elfu tisa au ya elfu kumi na mbili? Nikashangaa mashine ya bei hiyo, nikasema weka mbili. Baba yako akageukia ukutani. Kumbe elfu ni nguvu za mashine, si bei. Fundi alicheka kwa adabu. Akasema kwa sababu dirisha linaangalia machweo na bati linawaka, tuchukue ya elfu kumi na mbili.

Akauliza pia kama tunataka ya baridi tupu au ya baridi na joto. Nikamwambia, mwanangu, joto tunalo la kugawa. Akaandika baridi tupu.

Halafu akainua macho akaona matundu juu ya dirisha. Akasema haya lazima yazibwe yote, na dari liwekwe, na chini ya mlango pawekwe mpira. Bila hivyo baridi yote itatoka, mtalipia umeme wa kupoza Terrat nzima. Alisema kama mtu anayesema chumvi iwekwe kwenye mboga. Mimi nikakaa kitandani kwa Diana, nikiyatazama yale matundu.

Alhamisi, 5 Februari

Maseremala wamemaliza dari. Nyumba inanukia mbao. Fundi Meshack amepiga simu, anasema Jumamosi nakuja kufunga, mama, nifunge kila kitu kwa siku moja.

Hilo neno limekaa kifuani kwangu tangu asubuhi. Nifunge kila kitu. Nimeingia chumbani kwa Diana nikatazama yale matundu. Hewa inaingia hapo, sauti ya ng'ombe inaingia hapo. Niliona magunia. Nilimwona Agnela amesimama kwenye kigoda ananyoosha mikono.

Baba yako hakuwepo. Nikachukua simu nikamwandikia fundi ujumbe mwenyewe: Fundi naomba usifunge kwanza. Naogopa. Nitakuambia. Akajibu haraka: Sawa mama, hamna shida. Roho ikatulia. Nimejisemea mashine ije, matundu tutajadili.

Jumamosi, 7 Februari

Fundi hakuja.

Jumapili, 8 Februari

Joto. Hakuja, na simu yake haipatikani. Baba yako anasema ndivyo mafundi walivyo, amepata kazi nyingine, atatokea. Koko anasema afadhali.

Jumatano, 11 Februari

Joto. Simu haipatikani. Duka linasema mashine yetu bado iko stoo kwao, imelipiwa, fundi ndiye wa kuichukua. Nimemsema fundi vibaya moyoni, na mdomoni pia.

Ijumaa, 13 Februari

Joto. Umeme ulikatika mchana. Tulimpepea kwa zamu kwa ungo.

Alhamisi, 19 Februari

Sikuandika kwa sababu tulikuwa hospitali. Usishtuke, mdogo wako yuko hai, yuko mbele yangu hapa anakula chungwa. Nimetanguliza hilo ili usome yaliyobaki bila kukimbia.

Jumanne palikucha bila upepo. Umeme haukuwepo. Diana alikuwa na sketi za kwaya ambazo zilitakiwa jioni, akasema atashona kwa kukanyaga mguu, charahani ya zamani haihitaji umeme. Nikamwambia pumzika. Akasema zimebaki mbili. Nikaenda kisimani kutafuta maji, maana ya bomba yalikuwa hayajatoka.

Niliporudi sikusikia charahani. Nilisimama uani na ndoo kichwani, nasikiliza. Koko alikuwa anaita kwa Kimaasai, anaita jina la Diana na jina la Mungu pamoja. Nilimkuta Diana ameanguka kati ya kiti na ukuta. Ngozi yake kavu, inachoma kama kifuniko cha sufuria. Macho yako wazi lakini hanitambui. Akaniita Mama Solomoni. Akaniambia nimpelekee sketi.

Nilimmwagia ndoo yote palepale, kwenye sketi, kwenye charahani, kila kitu. Mama Solomoni alikuja na barafu zote za friji lake, hata zile za kuuza, tukamwekea kwapani na shingoni. Koko, yule yule wa kichomi, alichukua kipande cha barafu akawa anamsugua miguuni. Mikono ya Koko ilikuwa inatetemeka kwa baridi na hakuiacha. Baba yako alipata gari. Njiani kwenda hospitali Diana alishikwa na degedege. Nilikuwa nimempakata. Nathanael, nilimpakata nikafikiri, huyu nilimtoa kwenye moto, sasa anaungua mikononi mwangu na moto hauonekani.

Walimpoza kwa maji na dripu. Jioni akaniuliza mama, zile sketi? Nikajua amerudi.

Daktari hakutugombeza. Aliuliza tu, chumba cha baridi mmefikia wapi? Baba yako akasema tunamsubiri fundi.

Jumatatu, 23 Februari

Fundi Meshack ametokea asubuhi, mweusi kwa jua na vumbi. Alikuwa Loliondo, anafunga mashine kwenye kambi ya wageni, huko hakuna mtandao. Alikuja anatabasamu. Akasema, mama, nimepita kuuliza kama umeshakuwa tayari.

Baba yako alimpokea vibaya. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti kwa mtoto wa mtu namna ile. Akamwambia binti yangu amekaa hospitali siku mbili kwa sababu yako, mtu unaahidi Jumamosi unakimbilia pesa za wageni. Fundi alisimama anasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu mfukoni, akatafuta tafuta humo, akampa baba yako kwa mikono miwili.

"Mzee, mama aliniambia nisifunge."

Baba yako akasoma. Akanipa mimi. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Usifunge kwanza.

Nikasema, "Mwanangu, nilisema matundu. Usifunge matundu."

"Mimi nilielewa mashine, mama. Kazi yangu ni kufunga mashine."

Neno ni moja, mwanangu. Kuning'iniza ile mashine ukutani ni kufunga, kuziba matundu ni kufunga, na mimi sikuongeza la pili. Nilikuwa nimemwita mwongo siku zote hizo.

Baba yako hakunilaumu. Alikwenda zizini akakaa huko muda mrefu. Fundi nilimpa chai. Nikamwomba radhi, akasema na yeye angepaswa kupiga simu aulize, asiusome ujumbe wa mama kama anasoma bango.

Diana alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Fundi alipokwenda kunawa akaniita. Akaniuliza kwa nini naogopa matundu. Nikagundua sikuwahi kumweleza, alikuwa hajazaliwa. Nikamweleza habari za Agnela, magunia, jiko, uso wenye rangi nzuri. Alinisikiliza huku anashona kifungo.

Akasema, "Mama, mamdogo hakuuawa na matundu. Aliuawa na jiko."

Nikasema kama matundu yangekuwa wazi angepona.

Akasema, "Na jiko lingekuwa nje angepona. Wewe unalinda dirisha, na jiko lipo chumbani kwa Koko kila Juni."

Ni kweli. Kila msimu wa baridi Koko anaingiza jiko lake chumbani, na mimi naamka mara ngapi kwenda kusukuma dirisha lake, na yeye analifunga nikitoka. Miaka yote nimekuwa nikiogopa hivyo na kuita ni uangalizi.

Jumanne, 24 Februari

Nimekwenda dukani mjini na fundi. Sikumwachia baba yako. Nikamwambia fundi, mwezi uliopita tulipozungumza ulitaja ya baridi na joto. Akasema ndiyo, mama, ina alama ya jua kwenye rimoti, ukiibonyeza inaleta joto, haina moto wala moshi. Nikamuuliza mara tatu: haina mkaa? Haina mkaa. Haili hewa ya chumba? Haili, inaizungusha ile ile, na mtu ni vizuri afungue mlango asubuhi na jioni. Nikamuuliza na mtu akilala humo mpaka asubuhi? Akasema, mama, huko Loliondo wageni wamelala humo wiki nzima, wameamka wakilalamikia nyani tu.

Tumebadilisha. Tumechukua ya baridi na joto.

Jumamosi, 28 Februari

Leo wamefunga. Naandika neno hili bila kuogopa.

Fundi alifunga mashine, moja ndani na moja nje ukutani. Ilipofika zamu ya matundu alitaka kupanda na vipande vyake vya mbao na saruji. Nikamwambia nipe mimi. Nilipanda kigoda. Baba yako alikishika. Nikaziba moja moja, na kila moja nililisemea jina la Agnela, si kwa huzuni, nilikuwa namuaga. La mwisho nilibaki nimeweka kiganja juu yake mpaka saruji ikaanza kukaza. Diana akasema mama shuka, mkono utabaki humo.

Fundi akabonyeza. Tulisimama wanne tumekodoa macho kwenye mdomo wa ile mashine kama kuku wanaosubiri mtama. Baridi ikaja. Diana alivua kanga ya mabegani, mbele ya baba yake na mbele ya fundi, mabaka yote nje, akasimama chini yake amefumba macho. Hakuwa anajificha. Fundi aliangalia misumari yake. Baba yako alitoka nje.

Koko alichungulia mlangoni akakataa kuingia. Akasema hiyo ni bucha.

Jumatano, 4 Machi

Joto kali nje. Ndani Diana ameomba shuka. Nimeingia nikamkuta amelala mchana, nikaketi karibu naye kusikiliza pumzi zake. Akafumbua jicho moja akasema, mama, nenda kapike.

Jumatatu, 9 Machi

Sketi za kwaya zimekabidhiwa. Wamezivaa jana, zinapendeza.

Jumapili, 15 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile ya kweli, Meru haionekani kabisa. Ubaridi umeshuka mpaka huku kwetu. Diana amezima mashine, anashona na dirisha wazi, anaimba.

Baada ya ibada Koko akaanza kudai jiko lake. Sikubishana. Nilimshika mkono nikamleta chumbani kwa Diana, nikamkalisha kitandani. Diana akafunga dirisha, akasogea mlangoni, akabonyeza ile alama ya jua. Koko alikaa ameshikilia shuka lake, uso umekunjwa, anasubiri kudanganywa. Joto likamfikia magotini. Akatazama mashine, akatazama miguu yake. Akauliza, "Hii bucha imeokoka lini?"

Diana alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia, "Koko, ikifika Juni hamia humu. Mimi nikiona joto nitatoka, sebule itakuwa na baridi ya kunitosha." Koko akasema atafikiri, ila godoro lake lisiwekwe chini ya huo mdomo. Jioni mwenyewe alimwita baba yako amwambie kitanda chake kinapita mlangoni au hakipiti.

Jiko lake nimelitoa. Nimeliweka kwenye kibanda cha jikoni, nje, nyuma ya zizi. Nilidhani nitalitoa kwa hasira, lakini nililibeba taratibu tu. Lilikuwa jepesi.

Sasa mwanangu, daftari linaondoka kesho na basi. Kuna jambo moja limebaki na halinipi usingizi. Nilimpigia kaka Eliamini kumweleza habari zetu, akafurahi, nikamuuliza, na wewe kaka, chumba kile matundu yako wazi? Akasema yako wazi. Nikamuuliza na Juni? Akasema Juni ni Juni, dada, gunia moja haliui mtu.

Mimi hanisikilizi, kwake mimi bado ni mdogo. Baba yako anaona haya kumfundisha shemeji yake. Lakini wewe anakuheshimu, anakuita mhandisi ingawa unaendesha mtambo. Mpigie. Usimwambie kuhusu matundu, mweleze habari za jiko. Mwambie lilale nje. Mwambie akizidiwa na baridi ashuke Terrat, Koko atamgawia nafasi kwenye bucha. Ukiandika, andika maneno yote, usimwandikie neno moja akalielewa vingine.

Akikujibu, nitumie jibu lake siku hiyo hiyo, hata kama ni baya. Nijulishe mapema, baridi ikiwa bado iko juu mlimani.

Mama yako.